Mara Tisa Juu

Jumatatu, 3 Machi

Mto umepanda sentimita kumi na moja tangu jana jioni, kwa mujibu wa Shemeji, ambaye alisema hivyo uso wake ukiwa umeelekea dirishani. Nilipotazama skrini, ilikuwa kumi na moja kamili.

Ni siku yangu ya kwanza katika ofisi ya mto. Gazeti nililoliandikia kwa miaka thelathini na moja lilifungwa Desemba. Meneja wa hapa, mama asiyepandisha sauti, amenichukua kwa msimu mmoja wa mvua niandike kitabu cha mwongozo wa malango. Shemeji, mume wa mdogo wangu, ameyaendesha malango hayo kwa miaka ishirini na sita. Kila anachokijua kiko mahali pawili tu: kichwani mwake na ndani ya kompyuta moja.

Malango ni matatu. La kwanza huachia maji mtoni. La pili huyaachia kwenye mfereji unaopita nyuma ya mtaa wa mafundi. La tatu ni la dharura. Hakuna usukani wala vitufe vya rangi. Kuna skrini nyeusi yenye maandishi ya kijani, na mtu anaandika amri. Amri hizo Shemeji alizitunga mwenyewe, kwa maneno ya nyumbani: kina juu, kina chini, mvua, soma 1, lango 1 40. Hiyo ya mwisho inaliambia lango la kwanza lifunguke asilimia arobaini.

"Shemeji," akaniambia, "wewe umezoea kuuliza watu maswali. Hii haijibu maswali. Hii inatii."

"Hata ukikosea?"

"Hasa ukikosea."

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Nimenakili amri sita.

Ijumaa, 7 Machi

Jinsi ninavyofanya kazi: navuta skrini juu kwa kipanya hadi nione amri alizotumia asubuhi, nazipaka rangi moja moja, nanakili, nabandika kwenye kompyuta yangu ndogo. Kila ninapobandika, neno "mto" ambalo kompyuta huliweka mwanzoni mwa kila mstari linakuja nalo, na lazima nilifute kwa mkono. Leo nimelifuta mara hamsini na nane.

Shemeji alikuwa akisikiliza mlio wa kipanya changu.

"Unakopi kama mtu anayehamisha kisima kwa kijiko cha chai."

"Kijiko changu hakijawahi kumwaga."

"Hakijawahi kujaza pia."

Sharti lake ni moja: nisiandike chochote kwenye kompyuta yake. Kutazama, sawa. Kunakili kwa kipanya, sawa. Kuandika, hapana. Nilimuuliza sababu. Akasema kila fundi ana nyundo asiyoiazima.

Jumapili, 9 Machi

Nalala chumba cha nyuma nyumbani kwao. Asubuhi nilimwona mdogo wangu akimshika mumewe mkono kutoka mlangoni hadi kwenye geti, wakipita madimbwi polepole, mwavuli mmoja juu ya vichwa viwili. Nikadhani ni mapenzi ya uzeeni.

Jumatano, 12 Machi

Leo nimeelewa anavyofanya, na nimekaa nikimtazama kama mtu anayetazama samaki kwenye maji tulivu.

Haandiki. Kila baada ya saa tatu hufanya duru ya amri tisa, daima kwa mpangilio uleule: kina juu, kina chini, mvua, kusoma malango matatu, kisha kuyapanga malango matatu. Kompyuta hukumbuka kila amri iliyowahi kupewa. Ukibonyeza mshale wa juu mara moja inakuja ya mwisho; mara mbili, iliyoitangulia. Kwa kuwa duru ni ya tisa, ukirudi nyuma hatua tisa unaikuta sawasawa ile inayofuata.

"Ni kama kuizunguka meza yenye viti tisa," alisema. "Ukihesabu tisa, kiti ni kilekile."

Basi hubonyeza mara tisa juu, kisha enta. Tisa juu, enta. Kwenye amri za malango hufuta tarakimu mbili za mwisho na kuandika mpya, halafu enta. Vidole vyake havina haraka wala makosa. Vina vya maji anavipata kwa simu kutoka kwa fundi wa malango, ambaye husimama kwenye daraja la chuma na kuisoma rula ya mto kwa sauti ya mtu anayeuza mnadani. Jina lake hapa ni Kelele. Naye Shemeji hujua lango limetii kwa kusikiliza: mota ya la kwanza hulia kama nzi kwenye chupa, ya pili hukohoa, ya tatu hupiga mluzi.

Nje, mto ulikuwa rangi ya chai ya maziwa, na ukiutazama muda mrefu ulionekana umesimama, kingo ndizo zilizokuwa zikisafiri.

Ijumaa, 14 Machi

Amri 214 hadi sasa. Nyingi ni zilezile. Shingo inauma.

Jumanne, 18 Machi

Alimimina chai huku kidole chake cha shahada kikiwa ndani ya kikombe, pembeni kabisa. Maji ya moto yalipokigusa kidole, akaacha kumimina. Nimeliona hilo na sikulipa maana. Kwa miaka thelathini na moja nililipwa kuyapa maana mambo ya namna hiyo.

Jumatano, 26 Machi

Mvua ya saa nzima, nyembamba, ya kubembeleza. Shemeji alichoshwa na mlio wa kipanya akanifundisha njia ya haraka, nikiwa kwenye kompyuta yangu, yeye akiwa amefumba macho.

"Iambie itafute kwenye kumbukumbu ya amri. Neno lolote, mathalani lango. Kile itakachokipata, kipitishe kwenye bomba. Mwisho wa bomba weka ubao wa kunakili."

Bomba ni alama ya mstari uliosimama, inayopeleka matokeo ya amri moja hadi nyingine; ubao wa kunakili ni ile sehemu isiyoonekana ambako kompyuta hushikilia kitu ulichonakili hadi utakapokibandika. Nikaandika mstari mmoja kama alivyonitajia, herufi kwa herufi. Nikabonyeza enta. Hakikutokea chochote.

"Haifanyi kazi."

"Bandika, basi."

Nikabandika. Amri zangu zote za majaribio zikateremka kwenye ukurasa, safi, bila neno la kufuta mwanzoni.

"Sasa unachota kwa ndoo," akasema.

Nilicheka peke yangu njiani kurudi nyumbani. Nimeota mchana, usingizi wa baada ya chakula, nikiwa mtoni na amri zinapanda kutoka chini kama mapovu. Kila moja ikipasuka juu ya maji inasema neno lake na kunyamaza.

Jumatatu, 31 Machi

Kina juu: mita 4.12. Kelele anasema hajaona namba hiyo tangu amwoe mkewe wa kwanza. Shemeji akamwambia asome rula, asisome wasifu.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua. Karatasi zimelegea, mlango hautaki kufunga. Meneja anataka sura ya malango ifikapo tarehe 11.

Alhamisi, 10 Aprili

Naandika haya saa kumi na moja jioni, nyumbani kwa mdogo wangu, kwa mpangilio wa matukio.

Saa sita kasoro dakika kumi mchana, Shemeji alimaliza duru, akaenda kwenye korido kuzungumza na Meneja. Nilihitaji amri za lango la tatu za mwaka jana, ambazo ziko kwenye kumbukumbu ya kompyuta yake pekee. Kwa kipanya ingenichukua saa nzima. Kwa mstari mmoja, sekunde mbili. Nikakaa kwenye kiti chake. Nikaandika mstari. Enta. Nikabandika kwenye kifaa changu cha kuhifadhia, nikasimama, nikarudi mezani kwangu. Hakuna aliyeniona. Nilijisikia kama mtu aliyevuka barabara bila kutazama akafika salama.

Saa tisa kasoro robo mvua ilibadilika. Ilishuka kwenye bati kwa kishindo kiasi kwamba nilimwona Shemeji akisema na simu bila kusikia hata neno. Kina juu mita 4.31. Alirudi kwenye kiti akaanza duru. Mpango wake, kama alivyonieleza baadaye: lango la kwanza asilimia themanini, la pili libaki kumi, la tatu libaki limefungwa.

Tisa juu, enta. Tisa juu, enta. Nilivitazama vidole na nikavipenda, kama siku zote. Hakuna mota iliyosikika kwa sababu ya bati. Dunia yote ilikuwa mlio mmoja, kijivu, na sisi wawili ndani yake kama kwenye ngoma.

Saa tisa na dakika ishirini na moja simu ililia. Shemeji aliiweka kwenye spika.

"Bosi! Bosi! Umekula nini leo? Lango la pili liko wazi kama mdomo wa kiboko! Mfereji umepasua ukingo, maji yako mtaani!"

"La kwanza?"

"La kwanza limelala palepale!"

Shemeji hakupiga kelele. Aliweka mikono kwenye kibodi, hakugusa mshale. Aliandika amri nzima, polepole. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Shemeji, njoo. Nisomee nilichoandika kabla sijabonyeza."

"Si hiki hapa mbele yako?"

"Nisomee."

Nikasoma: lango 2 10. Enta. Nikasoma: lango 1 80. Enta. Nikasoma: lango 3 00. Enta. Macho yake yalikuwa wazi, yametulia kwenye ukuta, kiganja kimoja kando ya skrini.

Lango la pili lilikuwa wazi kwa dakika thelathini na nne.

Ijumaa, 11 Aprili

Nyumba kumi na moja ziliingia maji. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyeumia. Nimepita zote kumi na moja, daftari mkononi, kwa mazoea. Karakana ya seremala imepoteza mbao za mlango alizokuwa amezikausha miezi minne. Fundi cherehani alinipokea akiwa amekaa juu ya meza, mashine yake mapajani kama mtoto anayelala.

"Wewe ni wa ofisi ya mto au wa gazeti?"

"Wa ofisi."

"Basi andika hivi. Mgeni mwingine hubisha hodi mlango wa mbele. Huyu wenu alipitia jikoni, akakaa bila kukaribishwa."

Nikaandika.

Mchana nilirudi ofisini. Shemeji alikuwa kwa Meneja. Nikavuta skrini ya kompyuta yake juu kwa kipanya, sikuandika kitu, nikasoma kumbukumbu ya jana mstari kwa mstari. Baada ya duru ya saa sita ulikuwepo mstari mmoja usiokuwa wake. Mrefu, wenye bomba, mwisho wake ubao wa kunakili. Wangu.

Kompyuta hukumbuka kila amri, na yangu iliikumbuka pia. Meza ilikuwa imeongezwa kiti cha kumi. Tangu hapo, kila alipohesabu tisa aliangukia kiti cha mbele kwa hatua moja. Alipodhani analipanga lango la kwanza, alikuwa amelishika la pili: themanini. Alipodhani ni la pili, likawa la tatu: kumi. Alipodhani ni la tatu, alikuwa ameushika mstari wangu, akaufuta mkia, na kompyuta ikaandika kwa herufi za kijani kwamba haielewi.

Iliandika. Mtu yeyote mwenye macho angesoma.

Nikakumbuka kidole kwenye kikombe. Nikakumbuka mwavuli.

Jioni Meneja alitoa tangazo la mistari mitatu: mota ya lango la pili inashukiwa kuwa mbovu, fundi wa malango akae nyumbani mpaka uchunguzi uishe, maelezo ya maandishi yamfikie Jumanne saa tatu asubuhi. Kelele aliondoka na kofia yake ya chuma chini ya kwapa.

Jumamosi, 12 Aprili

Nilimsubiri Shemeji mezani baada ya kifungua kinywa. Mdogo wangu alikuwa akipanguza vyombo.

"Mstari ule ni wangu," nikamwambia. "Niliuandika ukiwa kwenye korido."

"Najua. Vidole vyangu havikosei hesabu. Nilijua mtu ameongeza."

"Na wewe huoni."

Mdogo wangu akaacha kupanguza.

"Mtoto wa jicho," Shemeji akasema. "Yote mawili. La kulia tangu msimu wa juzi. Naona mwanga, naona dirisha, nakuona wewe kama nguo iliyoanikwa."

"Kwa nini huandiki amri nzima, kama juzi?"

"Kwa sababu kidole kikiteleza sitajua. Amri ya jana tayari iliandikwa vizuri. Mishale ni salama zaidi."

"Ilikuwa salama."

"Ilikuwa. Na mimi nina langu. Siku ile nakufundisha nilisahau kukuambia: ukianza mstari na nafasi moja tupu, mashine hii haiuweki kwenye kumbukumbu. Nilipanga hivyo mwenyewe zamani. Sikuwaza kama ungeuandika kwangu."

"Mtoto wa jicho huondolewa asubuhi, jioni umerudi nyumbani," nikasema. "Kwa nini hukwenda?"

"Na kiti ningemwachia nani? Mtu akiinuka kwenye kiti wakati wa mvua, akirudi anakuta kina joto la mwingine. Nimebakiza mwaka mmoja, Shemeji. Sitaki kuumalizia kwenye benchi la korido."

Mdogo wangu akasema, bila kugeuka, "Miaka miwili namwambia. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ila kifo ni chake. Nyumba kumi na moja si zake."

Bomba la jikoni lilikuwa likidondosha.

"Utaandika habari ya macho?" Shemeji akaniuliza.

"Nitaandika nilichokifanya mimi. Saa, amri, mpangilio. Meneja si mjinga. Atauliza kwa nini hukuusoma mstari wangu ukiwa mbele yako. Hapo si mimi nitakayejibu."

"Dada," mdogo wangu akasema, "huwezi kusubiri mvua ziishe?"

"Kelele yuko nyumbani kwa kosa langu na la mumeo."

Akaichukua sahani iliyokwisha kukauka, akaipanguza tena.

Jumapili, 13 Aprili

Shemeji alikaa barazani siku nzima akisikiliza mvua.

Jumatatu, 14 Aprili

Maelezo yangu ni ukurasa mmoja na nusu. Nimeuweka ule mstari kama ulivyo. Kuunakili kulinichukua sekunde mbili.

Nimewahi kumdhania mtu huyu mwenye kiburi, kwa kuwa hakunitazama akizungumza. Kisha nikamdhania bingwa, kwa kuwa hakuitazama skrini. Leo sijui nimwite nani. Mtu aliyeuendesha mto gizani kwa misimu miwili bila kukosea si mtu wa kubezwa. Pia si mtu wa kuachiwa.

Jumanne, 15 Aprili

Chumba cha Meneja, saa tatu asubuhi. Tulikuwa wanne: Meneja, Shemeji, Kelele na mimi. Meneja alisoma maelezo yangu mara mbili, kidole kikifuata mistari.

"Ulikatazwa kuandika kwenye mashine ile."

"Nilikatazwa."

"Ukaandika."

"Nikaandika."

Akamgeukia Shemeji. "Mstari huu mrefu ulikuwa mbele yako nusu saa. Ulifanana na lango la tatu?"

Kelele akaanza, "Bosi, mvua ile hata mimi..."

"Sikukuuliza wewe."

Nilikuwa nimekaa karibu na Shemeji kiasi cha kusikia pumzi yake. Nje mvua ilikuwa imepungua, na sauti ya mto ilikuja chumbani kama mtu anayeongea chumba cha pili, huelewi maneno, unaelewa tu kwamba hajamaliza.

"Sikuuona," Shemeji akasema. "Sioni chochote kwenye skrini ile tangu Juni mwaka jana. Mota ni nzima. Fundi hana kosa. Nimeendesha kwa kuhesabu na kwa masikio, na siku ile masikio yalizibwa."

Kelele akamgeukia. "Basi ndiyo maana," akasema, "mimi nakupungia mkono kila asubuhi kutoka darajani na hunipungii. Miezi yote hiyo nakuita mwenye maringo."

"Ulikuwa unanipungia?"

"Kila siku, bosi! Mkono umeota sugu!"

Shemeji alicheka kidogo, kisha akafunika macho kwa kiganja.

Meneja hakucheka. Alitoa uamuzi kwa sauti yake ileile. Kelele anarudi kazini leo, na tangazo la Ijumaa linaondolewa. Shemeji hagusi kibodi. Atakaa kwenye kiti cha pembeni: yeye anaamua, mimi naandika, na kila amri ya lango inasomwa kwa sauti mara mbili kabla ya enta. Mimi nimepewa barua ya onyo. Inastahili, nimeitia sahihi. Ofisi itapeleka mafundi wawili kuusaidia mtaa kujenga upya ukingo. Kuhusu kiti: Shemeji ana ruhusa ya kwenda kutibiwa mvua zikipungua. Akirudi atapimwa. Akishindwa, ndiyo mwisho.

"Na akifaulu?" nikauliza.

"Nimesema atapimwa."

Jumatano, 23 Aprili

Duru tano. Shemeji ananitajia, naandika, nasoma, ananiambia "tii". Ananilaumu kwamba nasoma kama taarifa ya habari.

Alhamisi, 1 Mei

Mvua ya nusu saa tu. Kina juu mita 3.40. Naanza kila mstari wa kunakili kwa nafasi tupu. Unafanya kazi yake na hauachi alama, kama mtu aliyepita nyumbani kwako ukiwa umelala. Amri zote zimo kitabuni sasa, pamoja na sura moja fupi inayoeleza kwa nini hakuna mtu atakayeendesha lango kwa kuhesabu mishale. Shemeji ameitaja sura hiyo maneno yote. Mimi nimeweka nukta tu.

Jumatatu, 5 Mei

Nilimpeleka mtaa wa mafundi. Aliomba mwenyewe. Alisimama mbele ya fundi cherehani akamwambia, "Ni mimi niliyefungua." Yule mama akamtazama juu hadi chini.

"Nimesikia. Nimesikia pia huoni."

"Ndiyo."

"Basi ukitibiwa, uje uione hii alama ukutani. Nimekataa kuipaka rangi mpaka uione."

Alimshika mkono akauweka ukutani, pale maji yalipofika. Juu kidogo ya goti lake.

Jumatano, 14 Mei

Jua siku nzima. Mto umerudi kitandani mwake. Kutoka dirishani maji yanang'aa hata mtu akasahau yalikuwa na rangi gani.

Jumatatu, 19 Mei

Kitabu nimekikabidhi saa nne asubuhi: kurasa 96. Mkataba wangu umeisha leo. Jicho la kulia litafanyiwa upasuaji kesho, Jumanne, saa mbili asubuhi. Mdogo wangu atampeleka. Jicho la kushoto litasubiri Agosti. Kipimo chake cha kazi Meneja amekiandika kwenye kalenda kwa kalamu nyekundu: Jumatatu, 9 Juni, saa tatu asubuhi. Shemeji atakaa kwenye kiti chake na kuisoma skrini kwa sauti, mstari baada ya mstari, bila mimi kuwemo chumbani.